Treni Inayogawanyika Njiani

Binti wa nyumba niliyofanyia kazi kule Al-Naseem, mtaa wa Riyadh, alikuwa na miaka ishirini na tatu, shahada ya chuo kikuu na kazi nzuri ya kuuza manukato, lakini hakujua kusoma ramani. Nililigundua hilo alasiri moja alipoingia chumba cha kupigia pasi, kompyuta ameikumbatia kifuani, akaketi juu ya tenga la nguo ambazo sijazinyoosha.

"Nakwenda Ulaya," akaniambia. "Mimi na binti wa ami yangu. Kwa treni, begi mgongoni, na hela zetu wenyewe."

Tulizungumza kwa Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha chuo, na kwa namna fulani hatukuwahi kukosa neno. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa tayari kumlipia safari ya kifahari, hoteli na gari lenye dereva, naye akakataa. Baba akampa sharti moja: amletee mpango wote kwa karatasi, siku kwa siku, na akiona mahali pana shimo, mafi safari, hakuna kwenda. Alikuwa amejaribu wiki mbili. Akanigeuzia kompyuta nione.

Alikuwa ameandika Vienna asubuhi, Paris mchana. Nilicheka kabla sijajizuia.

"Unacheka nini?"

"Hiyo ni kama kusema unywe chai Mombasa halafu ule chakula cha mchana Kigali. Na mizigo juu."

Aliniangalia kama vile nimeingia chumbani wakati huo huo. Nikamweleza kwamba kabla ya kuja Saudia nilikuwa karani wa tikiti za mabasi Mombasa, miaka sita. Mtu alikuja dirishani akitaka Bungoma, mwingine Kampala, mwingine Bukoba, nami nilimuunganishia basi kwa basi, nikimwambia ashuke wapi, asubiri muda gani, na choo safi kiko upande upi. Mimi mwenyewe sikuwahi kupita Nairobi. Lakini nilizijua zile barabara kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani ambayo hajawahi kukaribishwa ndani.

"Yalla," akasema, akanisogezea kompyuta. "Nisaidie."

Tulianza hivyo. Kila siku baada ya chakula cha mchana nyumba ile ililala. Mapazia yalifungwa, mashine ya hewa baridi ikaunguruma taratibu, na jua la Riyadh likabaki nje likipiga kuta peke yake. Mimi nilikuwa na kanzu za baba za kunyoosha, nyeupe zote, moja baada ya nyingine, na binti aliketi sakafuni akinisomea majina ya miji. Mvuke ulipanda kutoka kwenye nguo, nami ndani ya ule mvuke niliona mambo. Niliona mto wenye madaraja mengi. Niliona stesheni yenye paa la vioo, njiwa wakiruka juu ya vichwa vya watu, na saa kubwa ukutani. Mara nyingine nilifika mwisho wa kola nikashtuka kwamba sikumbuki mikono ya kanzu niliipiga saa ngapi.

Kwa kuwa hela zao zilikuwa chache, njia yenyewe ilibidi iwe ya akili. Tulipata habari ya pasi ya treni, ile unayoinunua mara moja ukapanda nayo siku kadhaa. Binti alipenda kusema chumba chetu kina pasi mbili, moja ya kuunguza na moja ya kuota. Nilisoma masharti yake yote kwenye simu yangu, kwa sababu masharti ndiyo niliyoyazoea, na nikaona kwamba treni za kasi hutoza kiti hata ukiwa na pasi, ila zile za polepole hazitozi. Basi nikawapitisha kwa zile za polepole. Nikachora duara: waanzie Vienna, wapite Salzburg na Munich, wapande hadi Praha, wateremke Budapest, kisha warudi Vienna kuchukua ndege. Walale kwenye vyumba vya vitanda vingi vya wanawake. Wanunue mkate, jibini na matango, wale kwenye bustani.

Begi tulilipima kwenye mzani wa bafuni. Mara ya kwanza lilikuwa zito kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndani nilikuta kikausha nywele, jozi tano za viatu na kile chombo cha umeme cha kuchomea udi.

"Udi wa nini?" nikamuuliza.

"Je, chumba kikinuka?"

"Utafungua dirisha."

Alikitoa polepole, akakiweka rafuni kama mtu anayeaga ndugu.

Mpango niliuandika mimi, kwa Kiingereza, kwenye daftari la mistari: treni ya saa ngapi, jukwaa lipi kwa kawaida, dakika za kusubiri, wapi pa kujaza maji, choo kiko wapi. Binti aliunakili kwa Kiarabu apate kumpelekea baba yake. Siku alipomaliza alinishika mkono.

"Nakuomba usiwaambie kama ni wewe. Baba lazima aone naweza."

Nilikubali. Sikuona uzito wowote wa lile ombi hadi Ijumaa iliyofuata, nilipopeleka kahawa sebuleni nikakuta baba amevaa miwani, anapitia kurasa moja moja. Alikuwa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini nchini, na mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyatoa yote.

"Ma shaa Allah," akamwambia madam, mkewe. "Tazama. Hata choo ameandika kiko wapi. Huyu binti ana kichwa."

Nilimimina kahawa. Binti aliangalia zulia. Kikombe kilijaa mpaka pale kinapopaswa kujaa, nikarudi jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kufungua maji. Kwa miaka sita nilipanga safari za watu bila kutaka shukrani, kwa hiyo nilijishangaa. Baadaye alikuja mlangoni akasema, "Nisamehe." Nikamjibu, "Halas, imepita." Haikuwa imepita.

Kiangazi kikaingia, wasichana wakaondoka. Siku hiyo hiyo baba alitupeleka Jeddah, madam na mimi, kwenye nyumba aliyoachiwa madam na mama yake, kisha yeye akarudi Riyadh kazini. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, na kati ya majengo mawili ya mbele palikuwa na upenyo mwembamba ulioonyesha kipande cha bahari, kipana kama taulo. Hewa ya Jeddah ni nzito na ina chumvi; nilipofungua dirisha la jikoni asubuhi nilihisi niko nusu ya njia ya kwenda kwetu Likoni.

Daftari nilikuwa nalo. Nililichukua bila kufikiri, kama unavyochukua miwani. Kila siku nilijua wasichana wako wapi. Nikikamua ndimu nilisema moyoni, sasa wanatoka Salzburg, watauona mlima upande wa kushoto. Nikianika nguo nilikaa nao kwenye treni. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mtu mwenye redio ndogo ndani ya kichwa, na kazi za mikono zikaenda zenyewe.

Siku ya kumi na moja, alasiri, mimi na madam tulikuwa mezani jikoni tukichambua majani ya mulukhiya, ule mlenda wa Waarabu. Simu yangu ikalia. Alikuwa binti, analia.

"Tumepotea," akasema. "Tuko kwenye treni ya Praha lakini kibao cha ndani kimeandika mji mwingine. Tumemuuliza mtu, anasema hii haiendi Praha. Simu ya binamu imezima, yangu karibu inazima."

Madam aliacha mikono juu ya majani. Mimi nilisimama. Sikuhitaji kufungua daftari.

"Nisikilize. Treni ni hiyo hiyo, hamkukosea. Ila inagawanyika njiani. Mabehewa ya mbele yanakwenda Praha, ya nyuma yanakwenda kwingine. Nyinyi mmekaa nyuma."

"Tufanye nini?"

"Mko wapi sasa? Treni inakwenda au imesimama?"

"Inapunguza mwendo. Inaingia stesheni."

"Hapo ndipo inapokatwa. Vaeni mabegi. Msipite ndani, shukeni. Mkishuka, tembeeni kuelekea kule treni ilikokuwa inakwenda. Kila mlango una kibao. Someni mpaka muone Praha. Wanaweza kuandika Prag, ni pale pale."

"Ikituacha je?"

"Haitawaacha. Kuikata huchukua dakika kadhaa. Tembeeni haraka, msikimbie, mtaanguka na hayo mabegi."

Baada ya hapo sikusikia maneno. Nilisikia mlango ukifunguka, upepo, viatu juu ya zege, mtu akitangaza kwa sauti ya puani, na pumzi za wasichana wawili. Nilifumba macho. Ninaapa nililiona lile jukwaa, refu, na nyasi pembeni, na jua la kule ambalo haliunguzi. Nilitembea nao kibao kwa kibao. Kisha mlango mwingine, na ukimya wa ndani ya behewa.

"Praha," binti akasema. "Kimeandikwa Praha." Akapumua. "Kuna ng'ombe nje. Wengi. Wamelala tu." Simu ikakatika.

Nilipofumbua macho madam alikuwa ananitazama.

"Wewe umeshafika huko?"

"Sijafika, madam."

"Basi umejuaje inakatwa?"

"Iliandikwa kwenye ratiba. Kwa herufi ndogo, chini."

Alichukua shina moja la mulukhiya, akalichambua jani kwa jani, hakutupa hata moja. "Ule mpango aliusifu baba wiki nzima," akasema mwishowe. "Nani aliuandika?"

Niliwaza ile ahadi. "Tuliuandika pamoja, madam."

"Nionyeshe."

Nilimletea daftari. Hakujua Kiingereza vizuri, lakini aliutambua mwandiko wangu kutoka kwenye orodha za sokoni. Aligeuza kurasa pole pole, akifuata miji kwa kidole chenye hina. Alipofika Praha alisimama hapo. Akaniambia kwamba yeye hajawahi kupanda treni maishani mwake. Alipokuwa msichana alitamani kwenda Damascus kumwona shangazi yake. Ikasemwa mwaka ujao, na mwaka ujao tena, kisha akaolewa.

"Kesho watakuwa wapi?" akauliza.

"Praha bado. Keshokutwa Budapest."

"Keshokutwa utaniambia wanapita wapi."

Tangu siku hiyo, baada ya swala ya alasiri, madam alinivutia kiti kando ya dirisha. Nilimweleza njia kama nilivyoiona kwenye picha na kama nilivyoitunga: mto ukikunja kona, vijiji vya paa jekundu, stesheni ndogo zenye maua. Wakati mwingine aliniuliza jambo nisilolijua, kama wanawake wa kule hununua wapi uzi, nikamwambia sijui, na sote wawili tukakaa tukiliwaza. Chai ilipoa mara nyingi.

Binti alipopiga simu kutoka Budapest alimwambia baba yake ukweli yeye mwenyewe, bila kujua madam ameshamwambia. Baba alipokuja Jeddah mwisho wa wiki hakunihutubia. Alinikuta nikiosha vyombo, akasimama mlangoni.

"Ile ya vyoo. Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Alitikisa kichwa, mabega yakamtikisika kidogo kwa kicheko, akaenda zake. Jioni alipomsimulia ndugu yake safari ya wasichana, nilisikia akisema "yule dada wa Kenya aliipanga," nikaendelea kukunja shuka, lakini polepole.

Watu wa kwetu wakisikia haya huniuliza kama roho haikuniuma, kupanga njia nisiyoipita. Iliniuma, hasa siku binti aliporudi na picha elfu moja na ngozi iliyochubuka mabegani. Aliketi kwenye tenga la nguo akanionyesha zote. Stesheni ya paa la vioo ilikuwa ndogo kuliko ile yangu. Sikumwambia. Nilikaa nao mwaka mmoja zaidi, mkataba ukaisha, nikarudi Likoni. Nimempangia safari mbili tangu hapo, kwa simu, na Ulaya sijaiona bado.

Ila kabla ya kutoka Jeddah kiangazi kile, madam alitaka kwenda ziara Madina, na alikataa kwenda kwa gari. Kwenye stesheni alinikabidhi tikiti zote mbili na kitambulisho chake, akasimama nyuma yangu kama abiria wangu wa zamani wa dirishani. Nilitafuta jukwaa, nikatafuta behewa, nikatafuta viti. Treni ilipoondoka ilikuwa laini kiasi kwamba madam alidhani ni jengo la pembeni ndilo lililosogea. Alishika mkono wangu, halafu akauachia, halafu akaushika tena.

Jangwa lilipita, na milima myeusi kwa mbali, na mara moja kundi la ngamia lililopotea kabla hatujalitaja. Madam aliniomba tende, akala mbili, akaegemeza kichwa kwenye kiti, na kabla ya nusu saa alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Mimi sikulala. Nilikula tende iliyobaki, nikaweka kokwa mfukoni, nikatazama nje.