Sifa za Ng'ombe wa Jumbe

Mpiga zeze wa Mtinko hakuanza wimbo kabla ya kuupaka upinde wake utomvu, taratibu, jicho moja amelifumba. Hata siku Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alipokuja barazani, naye jumbe akafoka, "Haraka, mzee, nisifu!", mzee alipaka mpaka akaridhika. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vyeusi kwa utomvu, lakini sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili. Klara alimtazama akiwa nyuma ya wanawake wenzake, amechoka kulia. Jumbe alikuwa amemchukua mtamba wake wa pekee kwa amri ya kupunguza mifugo, akamwambia ameuzwa mnadani.

Mzee alimsifu jumbe kama desturi ilivyotaka, kwa kutaja ng'ombe wa zizini kwake mmoja mmoja, watu wakiitikia, "Ni wake!" Akamtaja dume mweusi. Ni wake! Akamtaja mwenye pembe zilizopinda. Ni wake! Jumbe alitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Na mtamba mwekundu," mzee akaimba, "mwenye sikio lililoraruliwa na fisi!" Kiitikio kikakatika. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Ni wa Klara!" na baraza zima likadaka, makofi na vigelegele juu, "Ni wa Klara! Jumbe, mbona huitikii?" Bwana Shauri akamgeukia karani wake kuuliza wanaimba nini. Jumbe alitazama chini. Wimbo alikuwa ameuagiza mwenyewe.

Mzee akapita karibu na Klara, upinde kwapani.

"Mwanangu," alisema, "nenda kalete kamba."