Nilitaja Sababu za Kusoma Riwaya Yangu, Mamkubwa Akachukua Jembe

Kosa ni langu. Nianze hapo hapo, maana najua wengine huja humu wakazunguka weee, mara mume, mara shetani, mara rafiki alinishauri. Mimi hakuna aliyenishika mkono. Nilikaa mwenyewe, nikaandika mwenyewe, nikatuma huku nacheka.

Mimi ni msusi. Nina kibanda changu cha kusuka Kwamndolwa, hapa Korogwe, na nikiwa sina mteja naandika hadithi kwenye simu. Nilianza na za mapenzi, zikanichosha. Nikahamia za kutisha. Si za majini, hapana, zile za kichwani mwa mtu, unasoma hujui anayekusimulia ana akili timamu au ndiye muuaji mwenyewe.

Jina la riwaya sitalitaja. Nimeshalitangaza vya kutosha, na leo nisingependa hata mmoja wenu aende kuitafuta.

Sasa nisikilize vizuri, maana bila hili hutanielewa.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, Mamkubwa, pande za Misima kule Handeni. Mume wake, Bamkubwa, aliondoka asubuhi moja kwenda kutafuta dhahabu upande wa Kilindi. Aliaga vizuri tu, akasema atarudi kabla ya mavuno. Hakurudi. Habari hakuna, maiti hakuna, aliyemwona hakuna. Wapo waliosema ameoa huko huko, wapo waliosema shimo limemfukia. Ukweli haujulikani mpaka leo.

Mamkubwa alikataa kukaa eda. Walimwambia akae, akawauliza akae eda ya nani. Kila jioni alipopakua chakula alipakua na cha mumewe. Bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mboga pembeni, anafunika kwa kawa, anaweka mezani. Asubuhi kile kiporo tulikila sisi watoto, mimi na binti yake, dada yangu. Ndugu yangu, mimi nimekuzwa na chakula cha mtu yule. Mwili huu unaouona!

Na ndicho nilichokwenda kukitia sokoni.

Kwenye riwaya yangu kuna mwanamke anayemwekea mumewe chakula kila jioni. Mume hayupo, majirani wanamwonea huruma. Unasoma, unasoma, na wewe unamwonea huruma. Halafu kidogo kidogo unagundua kwamba alimtilia sumu kwenye chakula hicho hicho, akamfukia nyuma ya jiko, chini ya kichanja cha kukaushia mahindi. Sahani anaiweka ili kichwa chake kisikumbuke. Nilipomaliza kuiandika nililia kwa furaha. Nikasema sasa na mimi ni mwandishi!

Majina nilibadilisha, nikajiona mwerevu. Kichanja sikukibadilisha. Mamkubwa ana kichanja nyuma ya jiko, mahali pale pale nilipokiweka.

Riwaya haikununuliwa. Nilikuwa naiuza kwenye kundi la simu, kipande kwa kipande, na watu wakawa wanapita tu kama hawaoni. Iliniuma sana. Siku moja, mteja wangu kaahirisha, nikaandika tangazo la sababu za kuisoma. Nikaweka kwamba utalala taa ikiwaka. Nikaweka kwamba hutajua mwongo ni nani mpaka mwisho. Nikaweka kwamba ukimaliza utamtazama mkeo akipakua chakula kwa jicho jingine. Bado nikaona haijakolea.

Nikaongeza ya mwisho. Nainakili hapa kama ilivyokuwa, aibu inichome vizuri: "Kisa hiki ni cha kweli. Kimetokea Misima, Handeni. Mwanamke huyo bado yuko hai, na mimi niliyeandika nimekula chakula chake."

Nusu ilikuwa kweli, si unaona? Yuko hai, na chakula chake nimekula. Uongo ukiutilia chumvi kidogo ya ukweli unanoga, nami chumvi yangu ilitoka mezani kwa mama aliyenilea.

Loo, tangazo lilivyokimbia! Watu wakalitumiana kutoka kundi hadi kundi. Wakaniuliza, dada, kweli kabisa? Nikajibu kabisa. Wakaniuliza, hajakamatwa? Nikajibu ushahidi hamna. Nilikuwa nimelewa sifa, nasuka nywele za watu huku nachekacheka peke yangu.

Kufika Misima habari haikuchelewa. Vijana wa kule simu wanazo, na mama anayepakua sahani ya mume asiyekuwepo ni mmoja tu kijijini.

Ulitokea msiba, akafa mzee wa jirani. Kwetu mwanamke anakwenda msibani na kisu chake, anakaa na wenzake, wanamenya, wanapika. Mamkubwa ndiye aliyekuwa anashika mwiko wa wali kwenye kila shughuli, tangu mimi sijavunja ungo. Siku hiyo akaambiwa, mama, pumzika, umeshazeeka. Akahamia kwenye vitunguu, navyo akapokonywa. Akakaa jamvini na kisu chake mapajani mpaka maziko yakaisha. Akadhani wanamhurumia umri.

Ikaja Ramadhani. Akawapelekea majirani futari kama kawaida yake, magimbi ya nazi. Kesho yake akayaona magimbi yale kwenye banda la kuku la jirani.

Hapo akauliza. Rafiki yake wa siku zote, bibi mmoja wa nyumba ya pili, akashindwa kuficha. Akamwambia kikulacho ki nguoni mwako, mwanao wa Korogwe kakuandika. Bibi huyo akamwita binti yake mwenyewe aje na simu, wakamsomea Mamkubwa riwaya yote, mchana baada ya mchana, yeye amekaa kwenye kigoda anasikiliza. Wakamsomea na tangazo, mpaka ile sababu ya mwisho.

Waliokuwepo wanasema hakulia wala hakutukana. Alimwambia tu yule binti arudie pale penye kichanja.

Mimi nilipigiwa kwanza na dada yangu, binti yake, ambaye ameolewa Bungu huko milimani. Nilijitayarisha kwa matusi. Hakunitukana. Aliniambia, "Chakula cha baba tulikula wote. Mimi sikukitapika." Akakata, na tangu siku hiyo simu yangu hapokei.

Kisha akapiga Mamkubwa mwenyewe. Aliniambia njoo, nina swali, basi.

Nilifuta tangazo ndani ya gari la Handeni, kana kwamba kufuta kunasaidia. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba msamaha. Nilishajua nitapiga magoti wapi.

Nyumbani sikumkuta barazani. Nikazunguka nyuma ya jiko.

Kichanja kilikuwa kimebomolewa, miti imelazwa pembeni, mahindi yamemwagwa kwenye turubai. Na pale kilipokuwa kimesimama, Mungu wangu, Mamkubwa yumo ndani ya shimo, udongo umemfika magotini, anachimba. Mama wa watu na umri ule! Khanga kajifunga kiunoni, jasho linamtoka.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba. Nimechimba uliposema, sijamwona. Ulimwona upande gani?"

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa kwanza. Nikadhani ananikejeli, nikaanza maneno yangu ya msamaha. Akanyoosha mkono ninyamaze. Akaniuliza tena, taratibu, kama unavyomuuliza mtoto aliyepoteza kitu, Bamkubwa wako yuko upande gani.

Nikamwambia, "Mamkubwa, nilitunga. Hakuna kitu. Ni hadithi tu."

"Uliandika ni kweli."

"Yale ni maneno ya kuuzia."

Akatingisha kichwa. Akaanza kunieleza, na haya ndiyo yanayoniamsha mpaka leo. Akasema mwezi ule alioondoka Bamkubwa yeye alikuwa na homa kali, mambo mengi hayakumbuki. Akasema mimi nilikuwa mtoto, nikilala chumba cha jikoni, na watoto huona mambo wasiyoyaelewa, wakayasema ukubwani. Akasema amejiuliza sana tangu asomewe. Walikuwa wamegombana kidogo siku zile. Labda alimpa kitu. Labda kuaga kule aliota.

Jamani! Yule mwanamke wa kwenye riwaya, niliyemtunga mimi kwenye kibanda cha nywele, alikuwa amesimama mbele yangu ana jembe. Nilikuwa nimemtengeneza kwa mikono yangu.

Nikaanza kulia. Nikamwapia kwa Mungu, nikamwapia kwa kaburi la mama yangu, kwamba Bamkubwa aliondoka, nilimwona mwenyewe akiondoka na begi lake, na yeye Mamkubwa akamsindikiza mpaka njiapanda. Nikamwambia mimi ni mwongo, Mamkubwa, mimi ni mwongo.

Akanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Sikukulea uongo," akasema. "Unanionea huruma tu. Usiniogope, mwanangu. Hata kama ni mimi niliyemuua, bora nijue alipolala, nimsomee dua."

Akarudi kuchimba.

Umenielewa? Alikuwa na mawili ya kuchagua, ama mtoto aliyemlea ni mwongo, ama yeye mwenyewe ni muuaji. Akaniamini mimi.

Nilishuka shimoni nikamnyang'anya jembe, tukavutana, akachoka, akakaa ukingoni. Nikafukia. Nilifukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wiki iliyofuata nikasikia amechimba pengine, karibu na choo, kwa sababu binti wa jirani alimsomea tena, naye Mamkubwa akaona huenda "nyuma ya jiko" ilikuwa na maana nyingine.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikakiri. Nimesimama mbele ya akina mama, wale wale wa mwiko, nikasema nilisema uongo ili ninunuliwe. Wakaguna. Mmoja akasema pembeni, nami nikasikia, ati nimetishwa ndiyo maana nageuza maneno. Kwenye makundi nako ni hivyo hivyo. Niliandika kwamba kisa si cha kweli, wakasema sasa ndiyo kinazidi kutisha, mwandishi kazibwa mdomo. Wakaisambaza upya. Wananiuliza sehemu ya pili lini!

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Sasa kila Ijumaa nafunga kibanda nakwenda Misima. Nafukia alipochimba. Namlimia, namtekea maji, nalala kule kule. Ananipokea vizuri, jamani, ananiuliza habari za wateja, ananicheka nikishindwa kusonga bada. Ukimwona utasema hana neno. Na mimi nikiwa hapa Kwamndolwa nasuka, kichwa cha mteja kiko mikononi mwangu, nasikia jembe linagonga udongo, na najua ni nani anayechimba.

Jambo moja sijamwambia mtu. Jioni ile ya kwanza, baada ya kufukia, alipakua chakula. Akapakua sahani yangu, akapakua yake, akakaa. Kawa ilikuwa imetundikwa ukutani. Nikangoja, nikajua atainuka apakue ya tatu. Akaanza kula. Miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kumwondolea mumewe mezani, si majirani, si shehe, si njaa yenyewe. Nimemwondoa mimi kwa tangazo.

Asubuhi niliamka mapema nikaenda mezani, kwa mazoea tu, kutafuta kiporo. Meza ilikuwa imepanguswa.

Enyi mnaoandika, mimi si wa kuwafundisha. Ila andikeni uongo wenu na muuite uongo, unatosha, unapendeza, watu watausoma au wasiusome. Msimtoe mtu wa kweli mkamtia humo ili mnunuliwe. Mtu wa kweli ana jiko, ana majirani, na ana usiku anaobaki peke yake na mliyomwambia.

Na ninyi wasomaji, mwandishi akikupa sababu za kusoma kitabu chake, na ya mwisho ikawa kwamba kisa ni cha kweli, usikimbilie kununua. Muulize kwanza, kweli ya nani, na mwenyewe anajua? Mimi walinisoma watu wengi sana, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza Bamkubwa yuko wapi. Aliyeniuliza ni mmoja tu, na mpaka leo sina jibu la kumpa.