Mtunza Friza wa Maabara Yetu

Mtunza friza wa maabara yetu ana mikono mizito. Vikombe vyote vya chai amevitia mapengo. Lakini akishika kichupa cha protini ya binadamu, ile tunayoizalisha kwa bakteria, vidole hulainika. Hakitikisi kamwe, maana protini ikitoa povu huharibika; hukigeuza taratibu juu ya barafu, akinong'ona, "Polepole, mwanangu."

Juzi king'ora cha moto kilipolia, sote tulitoka mbio. Yeye alitoka wa mwisho, moshi ukimfuata, kisanduku cha barafu kifuani, mwendo wa bibi harusi.

"Kimbia, dada!" mkuu wetu alifoka.

"Nikikimbia itatoa povu!"

Mzimamoto akamuuliza amebeba nini.

"Ya binadamu hii, kaka. Usiiguse, inaharibika upesi."

Mzimamoto akavua kofia, akatugeukia. "Poleni sana," akasema.