Mwiko wa pongo ulivyonionyesha alikozikwa babu, kando ya barabara ya masetla

Wakuu, kamwene kwa watu wa Iringa, na wengine wote habari za majukumu.

Hili limenitokea mwenyewe hapa London. Sijaongeza chumvi, na anayetaka kubisha abishe kwa adabu.

Nafanya kazi ya care, kutunza wazee majumbani kwao. Naishi Ilford, shifti zangu ziko Hounslow, kwa hiyo nusu ya maisha yangu inaishia kwenye treni.

Mteja wangu mmoja ni bibi wa miaka tisini, nimuite Bi Joan. Kazaliwa Iringa, baba yake alikuwa setla wa tumbaku. Siku ya kwanza kusikia natokea wapi, akanirushia Kiswahili cha jikoni: "Wewe kaa chini. Chai baadaye."

Akanionyesha madaftari ya baba yake. Mle ameandika kila kituo cha barabara waliyopita na magari ya ng'ombe kupeleka mizigo shambani.

Hapo nikamwomba niyashike mwenyewe.

Babu yangu aliondoka na setla, kama mpishi wake, kwa barabara hiyohiyo, bibi akiwa na mimba ya baba. Hakurudi. Bibi amekufa akiamini alipata mwanamke mwingine huko mbele. Mzee wangu ana miaka themanini na kitu, na hilo jambo linamuuma mpaka leo.

Nikaomba ruhusa kwa binti wa Bi Joan, nikawa naenda Jumapili baada ya kanisa, siyo saa za kazi. (Msije mkaniripoti.)

Tukaifuata barabara mezani. Mimi ramani ya simu, yeye daftari. Mto, kilima, kambi. Sehemu nyingine leo ni lami, nyingine shamba la mahindi.

Jumapili tatu nilitafuta jina la babu, patupu. Wapishi wote waliitwa Ali! Wa kwanza alikuwa Ali kweli, waliofuata wakarithishwa jina pamoja na sufuria. Nilikasirika, siwafichi.

Ya nne nikasoma kwamba bwana alipiga pongo, yule swala wa vichakani, na Ali mpya, aliyeajiriwa karibu na kijiji chetu, akagoma kumpika. Akaenda kukaa mbali na moto.

Wakuu, sisi Wahehe kila ukoo una mzilo, yaani chakula cha mwiko. Ukoo wetu ni pongo. Hatuli, hatupiki, hata moshi wake tunaukwepa.

Bi Joan akacheka. "Mimi kumbuka yeye! Baba kasirika sana, yeye hapana ogopa."

Nikaendelea kurasa chache. Ali ameomba ruhusa arudi kwao, mkewe karibu kujifungua. Ruhusa amepewa.

Halafu, wiki mbili mbele: vibarua wa barabara wamesema Ali alishikwa na homa njiani, wamemzika penye daraja la mbao. Kutoka pale hadi kwao ni mwendo wa siku mbili.

Nililia mbele ya mteja. Bi Joan akanishika mkono.

Nilimpigia mzee. Nikamsomea yote.

"Kumbe alikuwa anarudi," akasema. "Mama alimlaumu bure."

Nilichojifunza: mkitafuta wazee wenu, msing'ang'anie majina tu. Wakubwa waliyabadilisha walivyotaka. Ulizeni walikataa kula nini, maana hilo hakuna bosi aliyeweza kulibadilisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nauona mzilo ni ushamba, na wanangu wa hapa nilikuwa sijawaambia.

Wenye miiko ya ukoo itajeni hapo chini, na kama kuna aliyewahi kumpata ndugu kwa njia hii atusimulie.

Mimi nimeomba likizo. Daraja sasa ni la zege, kaka yangu aliyeko nyumbani ameshafika kuliona. Tutachukua udongo pale tukauweke pembeni ya kaburi la bibi. Mzee amekataa tuupakie kwenye gari. Anasema ataubeba yeye, kwa miguu, hata kama ni hatua ishirini za mwisho, amfikishe baba yake nyumbani.