Grisi ya Breki na Boma la Wakwe

Nikikutana na mtu wa Lugulu siku hizi natazama chini kama natafuta shilingi iliyoanguka, na mimi si mtu wa kutazama chini, hapa Kitale kila mtu anajua. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, lakini leo nina mashine ya posho ya kusaga mahindi (ya kwangu, si ya kukodi), nina nyumba ya mawe niliyojichorea mwenyewe, stima nikajiwekea mwenyewe, na nina gari. Hilo gari ndilo lililonimaliza.

Breki za nyuma zilikuwa zinalia. Ukikaribia kusimama, nyiiii, kama nguruwe anayeshikwa, na Nasimiyu mke wangu akawa ananiambia kila Jumapili, "Baba Faith, peleka gari kwa fundi, kanisa nzima inageuka." Namwambia fundi ni mimi. Tukagombana, na haikuwa breki peke yake (ile stima yangu ilishamrusha akishika friji), akasema, "Wewe huambiwi kitu," akafunga nguo, akaenda kwao Lugulu. Nilidhani atarudi kabla ya palizi. Mahindi yakapaliliwa, yakatoa ndevu, na mimi bado nakula ugali nusu mbichi, nikiangalia kikombe chake cha bluu pale kwa rafu, sikitumii wala sikisogezi.

Basi nikapiga simu kwamba naenda kumrudisha, na nikaamua nitafika gari likiwa kimya, ajue nilimsikia. Ningepeleka kwa fundi yangeisha, lakini mimi? Nikapiga jeki, nikatoa magurudumu ya nyuma, nikafungua dramu, lile sufuria la chuma linalozunguka na gurudumu. Ndani vumbi jeusi tele, na zile shuu za breki, vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinavyobana dramu kutoka ndani, zimeng'aa kama kioo. Mtu mwenye akili angepangusa vumbi, asugue na msasa, amalize. Mimi nikawaza, mlango ukilia unapaka nini? Nikachota grisi ya mashine ya posho nikapaka kila mahali, hata pale shuu inaposhika dramu. Nikazunguka boma, nikasimama. Kimya. Nikajipongeza kwa sauti.

Kitale mpaka Lugulu breki za mbele zilinibeba, sikushuku kitu. Boma la wakwe liko kwa mteremko, geti juu, jikoni chini. Nikaegesha hapo juu, nikavuta handbreki, nikashuka na suti yangu na mfuko wa mkate na sukari. Wazee walikuwa wameketi kando ya nyumba wakiningoja. Kabla sijasalimia, Wafula, ndugu yake Nasimiyu, akasema, "Shemeji, gari yako inakufuata."

Nikacheka, nikadhani ni utani wa mashemeji. Kumbe handbreki hushika magurudumu ya nyuma, yale yale niliyoyapaka, na gari halikuwa kwa gia (nani aweke gia na handbreki nzuri hivyo?). Kugeuka, gari linanipita taratibu kama mtu anayejua anakoenda, bila sauti, linaelekea jikoni.

Sasa elewa, kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Ukimwona njiani unapinda kwa mahindi. Nikakimbia, mkate ukaanguka, na wakati huo huo mama mkwe anatoka jikoni na sufuria ya chai, haoni gari, maana hakuna cha kumwonya. Ningefanya nini? Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta kando, tukaanguka pamoja kwa sukuma wiki, yeye juu yangu, chai kila mahali, na gari likaingia ukuta wa jikoni likatulia.

Mzee mmoja akasema tu, "Uuwi." Mama mkwe akajifunika uso na leso akakimbilia ndani. Wafula alikuwa ameziba mdomo na kofia, mabega yanamcheza.

Nasimiyu akatoka nyumbani. Akaangalia grisi inavyochuruzika kwa gurudumu, akaelewa yote.

"Umeitengeneza mwenyewe."

"Nilitaka isilie. Si ulisema?"

Akaongea na ile sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua zianze. "Tangu nije hapa, kila jioni nasikiliza kama hiyo breki italia kwa geti. Leo nimesikiliza tangu asubuhi. Sikukusikia ukija."

Nilikuwa na maneno mengi tangu Kitale. Nikaenda kuokota mkate.

Hakurudi nami siku hiyo. Wazee walisema nilete kondoo wa kuondoa ile aibu, jikoni nijenge upya ("kwa fundi," Nasimiyu akaongeza), ndipo tuongee.

Gari nimepeleka kwa fundi, amesafisha, ameweka shuu mpya, na nilipomuuliza kama anaweza kuniachia kakelele kidogo tu, akanitazama vibaya. "Mzee, watu huleta gari hapa ndio kelele iishe." Breki sasa hazisemi neno, na nimeapa spana sishiki tena, hata ya baiskeli.

Kondoo nimeshapata. Niliwakataa wapole wote mpaka nikapata huyu mwenye mdomo. Jumamosi nitamweka nyuma ya gari, na tukifika kwa geti nitamdunga kidole mbavuni, kidogo tu. Atalia. Nasimiyu atajua ni mimi.