Paa la Tembe la Bagara

Juzi dukani hapa Babati, bwana mmoja alifika kaunta koti likichuruzika maji, akaulizia mabati. Muuzaji hakuinua hata macho. "Hakuna."

"Si mlisema yanakuja? Nimeshaezua!"

Alikuwa amenunua tembe, nyumba kuukuu ya udongo, kule Bagara, akabomoa paa la udongo ili aezeke kisasa. Bibi aliyemuuzia alikuwa nyuma yake, kwenye foleni ya sabuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Udongo umeupeleka wapi?"

"Nimeumwaga shambani."

Bibi akajifunga kanga upya. "Walikuja majirani wote kuupandisha, mume wangu akiwa hai."

Hilo neno "yanakuja" limetubomolea mengi, wasomaji wangu. Leo asubuhi nimemkuta yule bwana akifunga mlango wake kwa kufuli kubwa, na mvua inanyesha ndani.