Breve Iliyolipwa kwa Sabuni

Dereva wa kamioni lililopinduka alikuwa amelala juu ya kipoyi chetu, machela ya miti, mguu umefungwa kati ya mbao mbili tulizozing'oa kwenye sanduku la samaki, na askari wa bariyeri ya barabarani alikuwa ananiuliza kama nina breve, yaani cheti.

"Breve ya nini, shefu?"

"Breve ya kubeba bagonjwa. Muntu haweze kubeba mugonjwa bule bule. Kama anakufa mu mikono yenu, nani atajibu?"

"Kama anakufa hapa kwa bariyeri yako," fundi wetu wa kinga, yaani baiskeli, akamwambia, "njo wewe utajibu."

Jibu hilo halikutusaidia. Askari alituamuru tuweke kipoyi chini, kwenye vumbi, tumsubiri mkubwa wake amalize kula. Tukasubiri. Nilimwona yule mkubwa ndani ya kibanda akikata tonge la bukari, akichovya, akitafuna polepole kama mtu aliyealikwa harusini. Alipotoka, akatazama mguu, akakunja uso, akasema tupite. Wakati huo dereva alikwisha kuzimia. Wangetuachilia mapema tu, angalau angefika Lubumbashi akiwa na akili ya kumwambia daktari jina lake.

Wakati ule ndio nchi ilikuwa inaporomoka. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya shaba, na mshahara wake ulichelewa, ukapungua, mwishowe ukakoma kabisa. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Tukaacha nyumba kwa shemeji, tukaenda kulima mahindi katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kinsevere, pamoja na watu wengine wa mjini ambao hawakujua hata kushika jembe. Mimi nilikuwa nimeanza masomo ya uuguzi zamani, kabla ya ndoa, nikayaacha. Zahanati ya kijiji ilikuwa na muuguzi mmoja. Alitufundisha watu watatu kufunga vidonda na kubeba wagonjwa, kisha yeye mwenyewe, kwa kukosa mshahara, akafungasha vitu vyake akaenda zake. Mlango wa zahanati ukafungwa kwa waya. Wagonjwa hawakuacha kuja, walikuja kwetu.

Hao watatu tulikuwa mimi, fundi wa kinga, na mama mkunga. Fundi alikuwa akitengeneza kinga za wauza makala, yaani makaa, na alijua kuunganisha mbili kwa miti ili zibebe kipoyi. Mkunga alikuwa ameshika watoto wengi wa kijiji kile siku ya kuzaliwa kwao, na aliwagombeza wote bila kujali umri. Hakuna aliyetulipa. Makamioni yaliyojazwa makala yalipinduka, mashimo ya shaba yaliangukia watu, mimba zilikwama. Sisi tulibeba.

Huyo dereva tuliyemfikisha alipona. Mguu ulibaki mfupi kidogo, lakini ulibaki. Patro wake, tajiri aliyemwajiri, akaja kijijini kutushukuru. Alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mwenye depo la unga, samaki wa chumvi na sabuni mjini, Mkristo wa kusali hata kabla ya kuwasha injini. Alisali kwanza, sala ndefu, sisi tumesimama juani. Kisha akauliza, "Ba mama, na wewe papa, museme. Munataka niwasaidie na nini?"

Fundi alitaka mipira ya magurudumu ya kinga. Mimi nilitaka dawa na bandeji. Mkunga akatukatiza.

"Breve," akasema. "Dawa itaisha. Bariyeri haiishe."

Nilimkasirikia, lakini alisema kweli. Mjini palikuwa na biro, ofisi ya serikali, iliyotoa mtihani wa wahudumu wa dharura. Ukifaulu unapata breve yenye picha yako na kashe, muhuri wa serikali, na hakuna askari wa kukuzuia. Mtihani ulikuwa na malipo, na malipo yalikuwa yamepita uwezo wetu. Patro akasema, "Mutihani nitalipa mimi. Bantu tatu. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Hata haikuwa imeanza.

Nilipofika depo lake juma lililofuata, nilitegemea kupewa noti. Akacheka. "Mama, franga ya leo, kesho ni karatasi ya kuwashia makala. Mimi siweke franga. Chukua sabuni. Utauza mu Katuba, utalipa siku ile ile." Akaniwekea makatoni juu ya mkokoteni, akaniombea safari njema, akarudi kwa wateja wake.

Basi mimi, niliyeacha jembe langu kwa ajili ya kuokoa roho za watu, nikawa muuza sabuni wa soko la Katuba. Nilikaa kando ya mama mmoja wa mboga ambaye hakupenda nimzibie njia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sabuni ikatoka. Nikafunga noti ndani ya kitenge, fungu kubwa kama mtoto mgongoni, nikakimbilia mjini. Karani wa biro alikuwa mtu mwembamba mwenye tai, mwenye adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi.

"Mama, nasikitika. Bei imebadilika."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Nikarudi kwa patro. Akatikisa kichwa, akaongeza sabuni. Nikarudi Katuba, nikauza, nikakimbia. Karani akasimama aliponiona, akanipa kiti, akasema anasikitika tena. Nilimwuliza kama anaweza kuniambia leo bei ya kesho, ili niuze sabuni ya kesho. Alifikiri ninauliza kweli. Akasema hiyo inajulikana Kinshasa tu.

Mara ya tatu sikupita Katuba. Nilikodi mkokoteni kutoka depo moja kwa moja hadi biro, nikapandisha makatoni kwenye ngazi mimi mwenyewe, nikayatua juu ya meza yake, juu ya karatasi zake.

"Hii ni nini, mama?"

"Malipo ya mutihani. Bantu tatu."

"Mama, hii ni biro ya serikali!" Akarekebisha tai. "Hatupokee bintu ya soko." Akatazama mlangoni. Kisha akainama, akanusa katoni ya juu. "Ni ya kufua ao ya kuoga?"

"Ya kufua."

"Ya kuoga haiko?"

Nilitaka kumpiga nayo. Badala yake nikasema patro anayo ya kuoga pia, na tukakubaliana nusu ya kufua, nusu ya kuoga. Majina yetu matatu yakaandikwa kabla sijashuka ngazi. Mshahara wake haukuwa umefika tangu mvua za mwaka uliopita. Alinieleza hilo mwenyewe, kwa adabu, akiyasukuma makatoni chini ya meza kwa mguu. Nikamwonea huruma, na huruma hiyo nayo ikanikasirisha, kwa sababu sikuwa nimekuja pale kuona huruma.

Siku ya mtihani tulitembea kutoka alfajiri. Mtahini hakuja. Tukarudi juma lililofuata, akaja, amechelewa, ana njaa, na mtihani wote ulikuwa kwa Kifaransa. Fundi na mkunga walijua Kifaransa cha bariyeri tu: papiye, avansé, arété, yaani karatasi, songa mbele, simama. Nilimwomba mtahini niwatafsirie. Akakubali, mradi nisiwape majibu. Sehemu ya kuandika ilipita hivyo hivyo, mimi nikiandika walichosema, karani akinilinda kama mwizi.

Kisha ikaja sehemu ya vitendo. Biro haikuwa na bandeji hata moja, wala mbao, wala kipoyi. Karani alilala juu ya meza, akawa mgonjwa.

"Huyu anatoka damu kwenye paja," mtahini akamwambia mkunga, mimi nikitafsiri. "Utafanya nini?"

"Nitafunga."

"Funga."

"Na nini?"

"Na bandeji."

"Iko wapi?"

"Mama, haiko. Onyesha tu kwa mikono kama vile iko."

Mkunga akanigeukia mimi. "Anasema nifunge na kintu haiko?"

"Njo anasema vile, mama."

"Na damu, iko?"

"Damu pia haiko."

Mkunga akavua kilemba chake, akakizungusha kwenye paja la karani na kukaza kwa nguvu zake zote. Karani akapiga kelele akaketi. Mtahini akaandika kitu. Njiani kurudi, tulipovuka mto, mkunga akasema kilemba chake sasa kinanuka sabuni ya kuoga.

Tulifaulu wote watatu. Breve zilichukua miezi kutoka, kwa sababu karatasi ngumu ilikuwa imekwisha, lakini zilitoka. Fundi aliifunga yake ndani ya nailoni akaivaa shingoni. Kwa majuma machache tulipita bariyeri kama mawaziri.

Halafu vita vikafika. Askari wa zamani walikimbia, wengi wakiwa wamevua sare, na njiani walipora walichoweza. Wapya wakaja kutoka mashariki, wamechoka, wana viatu vya mvua, wanaongea Kiswahili ambacho sisi tulisikia kama cha redioni. Watu wa Lubumbashi walishangilia barabarani. Mimi pia nilishangilia, sitakataa. Jina la nchi nalo likabadilishwa. Siku zilizofuata tulibeba kwenye kipoyi mwanamke aliyekwama uchungu, na pale bariyeri, ileile, askari mpya akaomba karatasi. Nikampa breve yangu kwa kiburi. Akasoma maandishi ya juu, akanirudishia.

"Mama, hii nchi iliyoandikwa hapa haipo tena."

"Lakini mimi nipo."

"Wewe upo. Nchi haipo."

Alitupitisha, nashukuru, kwa sababu mwanamke alikuwa akilia na askari hakuvumilia kilio. Mtoto alizaliwa salama mjini. Lakini alinionya kwamba safari ijayo nije na karatasi ya nchi iliyopo.

Nikaenda biro. Karani ni yule yule, kiti kile kile, tai ile ile. Kashe peke yake ilikuwa mpya.

"Mama, nasikitika. Lazima kurudia mutihani."

"Kuliko kupiga kashe mupya juu ya ya zamani?"

"Ile mutihani ilikuwa ya utawala ya zamani."

"Na mifupa? Nayo inavunjika kwa namna ya utawala mupya?"

Akakiri kwamba mifupa haijabadilika. Lakini lazima kurudia, na lazima kulipa.

Kwa patro sikutaka kwenda. Nilijua depo lake liliporwa. Watu wa mtaa walinieleza jinsi waporaji walivyobeba magunia hata ya unga uliomwagika pamoja na vumbi. Nilikwenda kumpa pole tu. Nilimkuta ameketi juu ya gunia tupu kati ya kuta tupu, anafagia kwa macho. Nikatoa pole. Akaitikia. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na ile breve yenu, bantu bapya bananyima kuitambua?"

"Ndiyo, papa. Lakini usijali."

"Nilisema nitalipa mutihani." Akafuta uso. "Sikusema mara moja. Unipe nafasi kidogo niinuke."

Nilitoka pale nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Ningekuwa na adui mmoja wa kumshika shati, ningepumzika.

Aliinuka. Wafanyabiashara wenzake wa upande wake walimkopesha mali, kamioni lake likarudi barabarani, na kabla ya mavuno alinitumia dereva wake, yule wa mguu mfupi, na malipo ya watu watatu. Safari hii zilikuwa pesa mpya, na pesa hizo zilikaa siku nzima bila kuoza. Mkunga alikataa kwenda. "Nimefaulu," akasema. "Kintu moja, siwezi kuifaulu mara mbili." Tulimbembeleza, fundi hata akapiga magoti, akakataa. Mimi na fundi tukaenda. Mtahini alikuwa mwingine, na maswali yale yale. Mimi nikafaulu. Fundi, ambaye mara ya kwanza alipata alama nzuri kuliko sisi wote, akaanguka, kwa sababu huyu mtahini hakuruhusu tafsiri.

Hivyo katika watu watatu wenye mikono ile ile, mmoja tu alikuwa na karatasi ya nchi iliyopo. Maana yake kila kipoyi kilichotoka kijijini, lazima mimi niandamane nacho mpaka mjini, mvua au jua, hata mahindi yangu yakiliwa na nyani. Mume wangu alisema nimeolewa na bariyeri. Sikucheka.

Mwaka uliofuata patro akaja tena, akasali, akatangaza kwamba atalipia mtihani wa fundi na wa mtu mwingine yeyote tutakayemchagua. Nikamwambia, kwa heshima niliyoweza kuikusanya, kwamba tumeshukuru, lakini tunafunga watu kwa vitenge vilivyochakaa, na ingekuwa vizuri msaada huo ununue bandeji.

"Mama, mulisema breve."

"Wakati ule tulisema breve. Sasa tunasema bandeji."

"Bandeji haina kashe," akasema. "Nikinunua bandeji, nani atajua nilisaidia?"

"Yule mwenye kidonda!"

Tuligombana kweli, mimi na mtu aliyetusaidia kuliko serikali mbili. Alipanda kamioni bila kusali. Nililia nikiwa nakoboa mahindi, na mkunga akanigombeza kwa kulia na kwa kugombana vilevile.

Kabla mvua haijaanza, dereva wa mguu mfupi alitushushia jora zima la kitambaa cheupe cha pamba, pamoja na malipo ya mtihani wa fundi. Hakuleta neno lolote kutoka kwa patro. Tulikaa mbele ya zahanati iliyofungwa, mimi na mkunga, tukachana kitambaa hicho vipande vipande mchana kutwa, tukachemsha, tukaanika kwenye ua wa miti. Mkunga alilalamika kwamba ninachana upana mbaya. Fundi alikuwa kando, anarudia kwa sauti maneno ya Kifaransa ya mtihani niliyomwandikia, na kila neno alilitamka vibaya.